Migahawa ya mboga Nairobi: chakula kiko sawa, kaunta ndiyo haijui kinachouzwa

Mboga_Tupu (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo. Mimi sili nyama, samaki wala mayai, maziwa natumia. Kazi yangu iko katikati ya jiji na muda wa chakula cha mchana ni mfupi, kwa hivyo nategemea sana ile migahawa ya mboga ya kuagiza kwenye kaunta: unapanga foleni, unalipa kwa simu, unapewa nambari, unangoja iitwe. Naandika kwa sababu naipenda na nataka idumu. Lakini kuna jambo moja linaloiharibia jina.

Nianze na chakula, maana hapo sina ugomvi mkubwa. Jiji hili lina bahati. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika hapa 1899, na waliotoka India kuijenga, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, walikuja na mapishi yao. Hayo mapishi yakakutana na viazi vyetu, muhogo wetu na ukwaju wetu. Ndiyo maana leo ukitembea Ngara, Parklands au Diamond Plaza unapata bhajia za Maru, vile viazi vilivyokatwa vyembamba, vikapakwa unga wa dengu na dania, vikakaangwa hadi ukingo unakauka na katikati panabaki laini. Unapata mogo, muhogo wa kukaanga uliomwagiwa pilipili na ndimu. Unapata chipsi masala, ambazo sisi wa Nairobi tunazila kana kwamba ziko kila mahali duniani. Dosa, ule mkate mwembamba wa mchele na dengu, ikitoka kwenye bamba moto, inapasuka ukiigusa. Mtu anayesema mla mboga anakula majani hajawahi kuketi mbele ya sahani ya pav bhaji, mboga zilizopondwa na kuliwa kwa mkate, iliyoungwa vizuri.

Sasa huduma. Juzi niliagiza baga ya maharagwe kwenye mgahawa mmoja ambao sitautaja jina. Nikamuuliza mhudumu kama mayonezi ina mayai. Akanijibu papo hapo, macho yakiwa kwenye skrini, "Hapa kila kitu ni mboga." Nikamwambia najua, ila mayai wengine huyahesabu kuwa mboga na wengine hawayahesabu, naomba aulize jikoni. Akaniambia nazuia foleni. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Nikasogea pembeni, nikangoja hadi msimamizi akapita, nikamuuliza yeye. Akaingia jikoni, akatoka na kopo lenyewe: haina mayai, imetengenezwa kwa maziwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupakia chipsi.

Kwa hivyo baga ilikuwa sawa kabisa. Jibu lilikuwa jikoni, kaunta hawakuwa nalo, na mhudumu akaona ni afadhali anipe jibu la kunifukuza. Mgahawa wa mboga unauza uaminifu kabla ya kuuza baga. Mtu anavuka barabara tatu kupita vibanda vya chipsi kuku ili ale mahali ambapo hatalazimika kuwa na shaka. Shaka ikimkuta hapo kaunta, amefuata nini?

Nataka kusikia yaliyowakuta, mazuri na mabaya. Na kama kuna aliyewahi kufanya kazi upande wa pili wa kaunta, tafadhali aseme.

Kamau_wa_Gikomba

Ndugu, kwa mama wa kibandani ndengu na chapati mbili unashiba na hufiki hata nusu ya hiyo baga. Na anakujua kwa jina. Huko kwa baga mnatafuta nini?

Mboga_Tupu

Kamau, ndengu ya kibandani naiheshimu, na ile inayotoka Makueni na Kitui ikipikwa na nazi kidogo, hakuna baga inayoifikia. Nakula huko pia. Shida ni kwamba vibanda vingi huunga ndengu kwa supu ya mifupa ili ikolee, au viungo vya mchuzi vyenye ladha ya nyama, na mwiko wa matumbo ndio huohuo unaingia kwenye maharagwe. Mama hana nia mbaya, anataka chakula kiwe kitamu. Lakini kwangu inakuwa ni kuulizana kila siku. Kwenye mgahawa wa mboga tupu nalipia zaidi ili nisiulize, na ndiyo maana nikiuliza nataka kujibiwa.

Dada_wa_Kaunta

Nimesoma nikaona lazima nijibu. Nimefanya kazi kwenye kaunta za chakula cha haraka hapa Nairobi, na wa mboga ni mmoja wapo. Sitautaja.

Nilipoajiriwa nilifundishwa mashine ya kupokea oda, namba ya till, na jinsi ya kumwambia mteja "karibu". Basi. Hakuna aliyewahi kuniambia panir, ile jibini ya Kihindi, ni kitu gani. Menyu ilikuwa na majina kama dhokla, kachori, khandvi, undhiyu, na mimi nimekulia Kakamega. Mteja akiuliza "dhokla ni nini?" nilikuwa nasema "ni kama keki" kwa sababu niliiona imekaa kama keki. Chakula cha wafanyakazi kilikuwa ugali na sukuma kilichopikwa kando. Tulikuwa tunauza vitu ambavyo hatujawahi kuvitia mdomoni.

Halafu kulikuwa na kukatwa mshahara. Oda ikirudishwa kwa sababu imekosewa, bei yake inatoka kwako. Na ukisema "sijui" mbele ya mteja, msimamizi anakuita kando baadaye kwamba umeiaibisha kampuni. Kwa hivyo unajifunza kujibu haraka na kwa uhakika hata kama huna uhakika. Huyo dada aliyekujibu bila kuinua macho, inawezekana anafanya kazi mahali ambapo kuuliza jikoni ni kosa. Jikoni penyewe saa saba mchana hapaingiliki. Mpishi anakupigia kelele.

Pale nilipoenda baadaye mambo yalikuwa tofauti, na tofauti haikuwa kubwa hivyo. Kabla ya kufungua, mpishi mkuu alitoa sahani ndogo ya kila kitu kipya na sote tukaonja. Akatuambia: hii ina maziwa, hii ina karanga, hii ina kitunguu na haiwezi kutolewa, hii inaweza kupikwa bila kitunguu lakini itachukua dakika kumi. Tukaandika kwenye karatasi, tukaibandika kando ya mashine, upande ambao mteja haoni. Msimamizi akasema neno "ngoja nikuulizie" linaruhusiwa. Oda zilizorudishwa zikapungua mpaka sisi wenyewe tukashangaa. Na mimi ndipo nilipoanza kuipenda dhokla, ni unga wa dengu uliochachushwa na kupikwa kwa mvuke, unamwagiwa haradali iliyokaangwa juu. Mteja akiniuliza sasa namwambia kwa furaha kwa sababu najua ladha yake.

Kwa hivyo ukimkasirikia mhudumu, mwangalie na aliyemwajiri.

Mboga_Tupu

Dada, asante sana. Hili la kukatwa mshahara kwa oda iliyorudi ndilo chanzo chenyewe. Unamwadhibu mtu kwa kukosea, halafu unamwadhibu tena kwa kuuliza ili asikosee. Atafanya nini zaidi ya kubahatisha?

Mjukuu_wa_Fundi_Reli

Mimi ni wa jamii ya Jain, dini ya asili ya India inayokataza kudhuru viumbe, nimezaliwa Ngara, na nafurahi uzi huu umeanzishwa.

Sisi hatuli kitu kinachong'olewa kutoka ardhini: vitunguu, saumu, viazi, karoti, tangawizi mbichi. Ukikiondoa kitunguu chakula hakipaswi kuwa maji. Mpishi anayejua anatumia mvuje, kiungo cha utomvu chenye harufu kali, kidogo kwenye mafuta moto, na ile harufu inashika nafasi ya kitunguu na saumu. Kwenye pav bhaji badala ya kiazi anaponda ndizi mbichi. Bhajia anatengeneza za ndizi pia. Kuna migahawa hapa Parklands inayofanya hivi kwa ustadi mkubwa, na unaona kwenye menyu wameandika kabisa kwamba chakula fulani kinapatikana cha Jain.

Shida inatokea kati ya kaunta na jikoni. Mhudumu anaandika "bila kitunguu" na anafikiri amemaliza. Mpishi anachukua mchuzi uliokwishapikwa asubuhi na vitunguu vilivyosagwa ndani, anaacha tu kunyunyiza vile vibichi vya juu. Mama yangu aliletewa sahani kama hiyo, akaionja, akaiweka chini. Alipomwambia mhudumu, kijana akamjibu, "Lakini mama, hakionekani." Hakuwa na dharau, aliamini kweli kwamba tatizo ni kuonekana. Mama akamweleza kwa upole, na kijana akaenda mwenyewe jikoni akahakikisha inapikwa mpya. Tunarudi huko hadi leo kwa sababu ya kijana huyo.

Kuna pia siku za ekadashi, mara mbili kwa mwezi, ambapo Wahindu wengi wanaofunga hawagusi nafaka wala dengu. Siku hizo mogo na viazi vinauzwa sana. Mhudumu asiyejua atakushauri "chukua sambusa", ambayo ni unga wa ngano. Kalenda ndogo ukutani jikoni ingetosha.

Wanjiru_Kijani

Naomba niseme jambo ambalo watu wanalizunguka. Mimi ni Mwafrika, nimekuwa sili nyama kwa muda mrefu. Nikiingia kwenye baadhi ya migahawa hii, kabla sijafungua mdomo naambiwa, "Madam, unajua hapa hatuuzi kuku?" Mteja wa Kihindi aliye mbele yangu hakuambiwa hivyo. Na anayeniambia mara nyingi ni Mwafrika mwenzangu. Najua wanataka kuniepusha na usumbufu, pengine wamewahi kugombezwa na mtu aliyelipa kisha akatafuta nyama kwenye sahani. Lakini inachoma. Inaniambia kwamba hapa si mahali pangu, nimepotea njia.

Andikeni mlangoni kwa herufi kubwa: MBOGA TUPU. Anayeingia ameshasoma. Mkimaliza hapo, nihudumieni kama wengine.

Mjukuu_wa_Fundi_Reli

Wanjiru, umesema kweli na sitaitetea. Nimeiona ikifanyika. Ubaguzi kwenye huduma za jiji hili umewahi kuzungumzwa mara nyingi, na migahawa ya jamii yetu haiwezi kujitoa. Wenye migahawa wasikie: wateja wapya wa chakula cha mboga Nairobi ni watu kama Wanjiru.

Msabato_wa_Nyamira

Wanjiru hayuko peke yake. Kanisani kwetu wako wengi ambao hawali nyama kabisa, na hata wanaokula hawagusi nguruwe. Rastafari nao wana chakula chao bila nyama, wengine bila hata chumvi. Wahabeshi wa Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, na zile siku 55 kabla ya Pasaka, hawali nyama, mayai wala maziwa. Siku hizo nenda mgahawa wowote wa Kihabeshi Hurlingham au Kilimani, uliza chakula cha mfungo. Utaletewa injera moja kubwa, ule mkate wao laini mwembamba, yenye shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), dengu, kabichi, viazisukari na mboga za majani juu yake. Huduma yao naipa sifa: ukitamka tu neno mfungo, hakuna anayekuuliza kwa nini, na siagi haitiwi. Jikoni wanajua kwa sababu wao wenyewe wanafunga.

Mkaanga_Chipsi

Wapishi tumesahaulika hapa. Wacha niongee juu ya mafuta.

Mgahawa wa mboga tupu una faida moja kubwa: kikaangio hakijawahi kuona samaki. Kwenye mkahawa wa kawaida unaagiza chipsi ukidhani ni mboga, kumbe zimepita kwenye mafuta ya kuku. Kama kwako hilo ni tatizo, uliza kama wana kikaangio cha kando. Wengi hawana.

Lakini mafuta ya mboga nayo huchoka. Unga wa dengu unaodondoka kutoka kwenye bhajia unaungua chini, unayafanya meusi na machungu. Ukiona bhajia ina madoa meusi na inakuacha na ladha chungu kooni, mafuta hayakuchujwa. Yakianza kutoa povu au moshi kabla ya kufika moto wa kukaangia, ule wa nyuzi 170 au 180 hivi, yamekwisha, yatupwe. Mwenye mgahawa anayebana hapo anajiumiza mwenyewe.

Na viazi. Hapa kwetu aina ya Shangi ndiyo kila mahali kwa sababu inakomaa haraka na inaiva haraka. Lakini haikai, inachipua upesi baada ya kuvunwa. Nikiletewa gunia la zamani, chipsi zinabadilika rangi kabla hazijaiva kwa sababu wanga umegeuka sukari. Mteja anasema mpishi kaunguza. Mnakumbuka Januari 2022, KFC hapa Kenya waliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilikuwa vinatoka nje na shehena ikachelewa? Watu walikasirika kwa haki, Nyandarua iko pale na viazi vimejaa. Basi migahawa ya mboga ninayoijua mimi inanunua hapahapa, kwenye masoko ya Marikiti au City Park, asubuhi na mapema. Hilo nalo lisifiwe.

Kamau_wa_Gikomba

Mkaanga umenifundisha. Sasa bei. Kwa nini chakula kisicho na nyama kinauzwa karibu na bei ya chenye nyama?

Mkaanga_Chipsi

Kazi ya mikono, Kamau. Kuku unampaka viungo unamtumbukiza. Dosa unaloweka mchele na dengu nyeusi, unasaga, unachachusha usiku kucha, ndipo unapika moja moja. Panir unachemsha maziwa mengi upate kipande kidogo. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16 na ule ushuru wa utalii wa asilimia 2, viko ndani ya bei kwenye risiti yako. Ila chipsi masala za bei ya juu sana sina la kuwatetea nalo.

Wakili_Mdogo

Kwa upande wa haki: Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kuuliza kama mayonezi ina mayai ni haki yako, haijalishi foleni ina urefu gani. Kwa mtu mwenye mzio wa karanga au maziwa, jibu la kubahatisha linaweza kumpeleka hospitali. Ukijibiwa uongo, weka risiti yako, andika siku na saa, zungumza na meneja kwanza. Mara nyingi inaishia hapo.

Mboga_Tupu

Wakili, hapo kwenye mzio ndipo nilipotaka tufike. Mimi nikila yai kwa bahati mbaya nitaumia moyoni. Mwingine atashindwa kupumua. Kaunta haina njia ya kujua ni nani kati yetu anayeuliza, kwa hivyo imjibu kila mmoja kwa uzito huohuo.

Nilirudi kwenye mgahawa ule, saa tisa hivi wakati hakuna watu, nikaomba kuonana na msimamizi yule aliyetoa kopo. Nikamweleza aliyoandika Dada_wa_Kaunta kuhusu kuonja na karatasi kando ya mashine, bila kumshtaki mhudumu wake. Alinisikiliza vizuri. Akasema kuonja asubuhi anaweza kuanza mwenyewe, kukata mshahara ni uamuzi wa mwenye mali na atamfikishia. Mhudumu yule alikuwepo. Nilimsalimia, nikaagiza mogo, akaniuliza, "Pilipili ya ukwaju iko na sukari, ni sawa?" Sikuwa nimeuliza.

Dada_wa_Kaunta

Umefanya vyema kwenda saa tisa. Ungeenda saa saba asingekuwa na masikio. Mwenye mali akikataa hilo la mshahara, rudi utuambie.

Wanjiru_Kijani

Swali la mwisho kwa wapishi: jibini ya kwenye pizza za migahawa hii, ni salama kwetu? Nimesikia baadhi hugandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama.

Mkaanga_Chipsi

Umesikia sawa. Kinaitwa reneti. Ya asili inatoka tumboni mwa ndama, lakini siku hizi jibini nyingi hugandishwa kwa reneti ya vijidudu, ambayo haina mnyama. Panir haina shida hiyo kabisa, inagandishwa kwa ndimu au siki. Kwa pizza, omba waangalie pakiti. Ikiandikwa "reneti" bila kusema ni ya vijidudu au ya mmea, chukua ile ya panir.